Neno la Chaki kwenye Meza ya Maktaba

Dada yangu ni fundi cherehani, na ukisema "fundi tu" mbele yangu tutakosana. Aliacha shule darasa la sita ili mimi niendelee, na kwa miaka ishirini na mbili ameshona sare za shule asizovaa. Wateja wanamwita Dada Kamusi.

Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, hufungua kamusi yake iliyobanduka jalada, huchagua neno la Kiingereza lisilotumika ovyo, na kuliandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye kona ya meza. Chini yake huandika linavyotamkwa, kwa herufi zetu. Neno halifutwi mpaka alitumie mara tatu mbele ya watu. Bwana mmoja aliambiwa mshono wa suruali yake uko awry, yaani umekwenda kombo, na neno hilo hutamkwa "arai". Aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza neno jipya.

Maktaba ya mtaani ilipotafuta mtu wa kufundisha watu wazima maneno ya Kiingereza kila Jumamosi, fomu niliijaza mimi. Penye cheti nikapaacha wazi. Dada alinigombeza sana, kisha akaipiga pasi blauzi yake mara mbili. Nikajua kazi ile anaitaka kwa moyo wote.

Siku ya usaili nilikaa kwenye benchi kando ya mlango uliokuwa wazi. Ndani walikuwepo mkutubi na mkaguzi wa elimu. Mkaguzi alikuwa akimpa maneno kwenye vikaratasi.

"Quay," dada alisema, "ni gati. Hutamkwa 'kii'. Hizo herufi nyingine msizihangaikie."

Maneno tisa yalipita hivyo, nami huko nje kichwa kimenivimba. La kumi lilikuwa indict. Dada akakirudisha kikaratasi mezani.

"Hili silijui."

"Jaribu tu, mama. Wenzako wenye vyeti wamejaribu."

"Nikibahatisha hapa, Jumamosi nitamfundisha mtu kosa. Naomba kamusi."

Wakampa. Akasoma, akatoa chaki mfukoni, na kwa mazoea akaandika juu ya meza yao iliyong'arishwa: indict, "indait", kumshtaki mtu rasmi. Nikafumba macho. Nilijua tumekwisha.

"Samahani," akasema alipoona alichofanya. "Mkono umezoea. Hata mkiniindait kwa kuchafua meza, kosa nakubali."

Mkaguzi akaangua kicheko. Mkutubi hakucheka. Alimuuliza habari za chaki, na dada akamweleza desturi yake yote.

"Basi hiyo ni mara ya kwanza," mkutubi akasema, na kitambaa cha kufutia alichokuwa amekwisha kukitoa akakirudisha kwenye droo.

Mara ya pili niliambiwa mimi nyumbani, nilipounguza shati la mteja. Siku iliyofuata ikaja barua ya kumkubali.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na tisa. Neno lilikuwa pale pale mezani, limefunikwa gazeti; mkutubi alikuwa amekataza lisiguswe. Dada akalitamka kwa mara ya tatu, darasa zima likaitikia, ndipo akalifuta kwa kiganja. Alivaa blauzi mpya aliyojishonea, kwa kitambaa cha sare ya shule niliyosoma mimi. Nililia, na sioni haya kusema.