Shemeji Anataka Kumkomaza Binti Yangu

Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana shemeji yangu husomewa gazeti kila Jumamosi na hupenda sana kusikia habari zake. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, naishi karibu na Ruiru. Nina binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, nitamwita Wambui.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani katika shamba la kahawa la Mzungu. Alikuwa mpole, kwa hiyo wachumaji wakiwa na malalamiko walimtuma yeye. "Nenda wewe, Baba Wambui, wewe hukasiriki." Alikwenda, akatukanwa, akajibu, "Ndiyo, bwana," akarudi akitabasamu. Mimi ndiye niliyeshika mikono yake ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, nikamwona akilamba magadi ili tumbo litulie. Daktari wa Thika alisema ni vidonda vya tumbo. Mwaka jana alitapika damu, akafa.

Ndugu yake mkubwa ni nyapara hapo hapo. Huyo akiguswa hupiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha anakula irio sahani mbili na kulala fofofo. Hiyo ndiyo anayoiita nguvu. Kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, alisema, "Ndugu yangu hakuwa na kifua." Kumbe kifua ni mdomo. Hajawahi kumeza neno lolote maishani mwake. Sisi wengine ndio tuliomezeshwa maneno yake.

Sasa anataka Wambui aache shule, akaishi kwake na kuchuma kahawa katika kundi lake. Kwetu ndugu wa baba ni baba, na nyumba yangu iko kwenye ardhi yao.

"Mama Wambui, unamlea kama yai. Nipe mwaka mmoja nimkomaze."

"Ndugu yako uliyemkomaza kwanza yuko wapi?"

Akacheka, akaomba chai. Nikampa.

Tangu siku hiyo, Wambui akisikia kengele ya baiskeli ya shemeji huenda nyuma ya nyumba kutapika, halafu anarudi na kumsalimu kwa adabu. Yule mpumbavu huisifu adabu hiyo. Nimejaribu kumfundisha mtoto kukataa kwa sauti. Alinong'ona.

Atakuja kumchukua Jumapili baada ya ibada. Nikikataa, tutalala nje sote wawili. Nikikubali, nitalala ndani peke yangu. Ninyi mliolea watoto wasiojua kugomba, niambieni, nimjibu nini?