Sabato Mbili za Mama Luseane

Kijijini kwetu Tonga, visiwani katika bahari ya Pasifiki, Jumamosi hukuhitaji kuuliza kama mechi ya raga imeanza. Ukisikia sauti ya Mama Luseane, imeanza. Alisimama kando ya uwanja na mwavuli wake, akamtukana refa, akamwomba Mungu msamaha, kisha akamtukana tena. Mwanawe Kelepi alicheza mstari wa mbele, pale wanaume wanapoinama na kusukumana mabega, na mama aliamini kwamba bila kelele zake mtoto hasukumi sawasawa. Mimi ni mtoto wa mdogo wake mama huyo, nilicheza ubavuni mwa Kelepi, na sauti ile ilinisukuma hata mimi.

Jumapili ilikuwa kimya. Kwetu Jumapili hakuna duka, hakuna ndege, hakuna mpira. Ni sheria ya nchi. Mama Luseane na Kelepi ni Wasabato, lakini Wasabato wa Tonga nao husali Jumapili. Wazee wao husema serikali ziliupinda mstari wa tarehe, ule unaotenga siku na siku katikati ya bahari, ukatupitia upande usio wetu, kwa hiyo siku tunayoiita Jumapili ndiyo Jumamosi yenyewe mbele ya Mungu. Mimi ni Mwesli, wa kanisa la Methodisti, mambo hayo sibishani nayo. Ninachojua ni kwamba Kelepi hakuwahi kulazimika kuchagua kati ya mpira na Sabato. Jumamosi alisukuma, Jumapili alisali, basi.

Kisha klabu moja kubwa ya Auckland, Nyuzilandi, ikamchukua. Mimi nilishahamia huko, nafanya kazi kiwandani, akafikia kwangu. Kocha alishasikia habari za Watonga na siku zao, akamuuliza mapema kama kuna siku hachezi. Kelepi akajibu kwa furaha kwamba Jumamosi hana neno, Jumapili tu ndiyo hawezi. Akatia sahihi. Wiki hiyo hiyo akaenda kujitambulisha kwa Wasabato wenzake wa mjini, wakamshika mkono na kumkumbusha kitu ambacho mtu wa kwetu husahau kabisa: Nyuzilandi iko upande wa pili wa mstari ule wa kwanza, kabla haujapindwa. Hapa Sabato ni Jumamosi, siku ya raga.

Nilimsindikiza kwa kocha, maana aliogopa kwenda peke yake.

"Kocha, Jumapili naweza," alisema. "Jumamosi ndiyo siwezi."

"Juzi uliniambia nini?"

"Juzi kichwa changu kilikuwa bado Tonga."

"Kwenu umecheza Jumamosi tangu utotoni! Huyo Mungu wako anabadilika ukipanda ndege?"

"Mungu habadiliki, Kocha. Mstari ndio umepinda."

Nilijifanya nakohoa. Kocha hakumfukuza, mabega yale hayaokotwi njiani, lakini alimwambia atacheza mechi za Jumapili tu, nazo ni chache. Wenzake wangepanda chati, yeye angebaki wa akiba. Kelepi akashukuru mpaka kocha akaona haya.

Kukaa benchi hakukumuuma. Kilichomuuma ni mama yake. Mwana akicheza Auckland Jumapili, siku ya kazi kwake, mama yuko Tonga siku hiyo hiyo katikati ya Sabato. Alikuwa hajamwona akicheza tangu aondoke.

"Mama, nitazame hata mara moja," alimwomba kila wiki kwenye simu.

"Najua hukosei, baba. Lakini siku ya Sabato yangu nitazame mpira? Siwezi. Usinilazimishe."

Mama ndiye aliyekata simu kwanza, kila mara, na Kelepi alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Kijijini nako moto uliwaka. Jumatatu moja Saimone, mwenye duka na mzee wa kanisa letu, alimsubiri Mama Luseane mlangoni pa duka. Dada yangu alikuwepo.

"Luseane! Mwanao kaivunja Jumapili! Kacheza jana mbele ya dunia nzima!"

"Nani kamwona?"

"Mimi hapa, kwa macho yangu mawili, kwenye TV!"

Duka zima likamgeukia.

"Jana, Saimone? Jumapili?" akauliza Mama Luseane.

"Sauti niliizima," akasema Saimone.

Watu walicheka mpaka wakashikilia kaunta. Mama Luseane peke yake hakucheka. Alisimama na mkate wake mkononi, akauliza polepole, "Hakuumia?"

Dada aliponisimulia hilo, nilikasirika. Nilikasirikia mstari, nikakasirikia kalenda. Nikamwambia Kelepi tumlete mama.

Akaja. Jumamosi alikwenda kanisani na Kelepi, nami nikawasindikiza, akakaa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe, na baada ya chakula akaniuliza kwa siri kama kweli hapaswi kufua. Jumapili asubuhi nikamkuta jikoni amevaa nguo nyeusi za ibada, ta'ovala, ule mkeka wetu wa heshima, ameufunga kiunoni, Biblia mapajani.

"Mama mkubwa, Sabato ilikuwa jana."

"Najua. Mwili haujui."

Hata hivyo aliingia kwenye gari. Uwanjani alifungua Biblia, akafumba macho. Chini, Kelepi aliangalia jukwaani kila mpira uliposimama. Nikamwambia mama atazame, mtoto anamtafuta.

"Niache, naomba."

Nilikaa nimeuma meno. Kipindi cha pili mistari ya mbele ikasukumana, ikaanguka chini, na refa akapuliza filimbi dhidi ya Kelepi.

"Wewe refa! Aliyeangusha ni yule wa jezi nyekundu! Mwanangu hata goti hakugusa!"

Watu safu nzima wakageuka. Hakuwa amefumba macho hata kidogo, mama huyu! Alikuwa amesimama, akaufungua ule mkeka kiunoni, akaukunja vizuri, akaniwekea mapajani pamoja na Biblia. "Nishikie," akasema, na akaanza kazi. Chini pale Kelepi aliinua uso, akaufuta kwa mkono, akarudi kuinama. Waliposukumana tena, wekundu walirudi nyuma mpaka wakaachana. Nililia, sioni aibu kusema.

Sasa mama amerudi nyumbani Tonga. Jumapili husali, TV haigusi, wala hakuna wa kumshawishi. Jumatatu duka likifunguliwa huwa wa kwanza kuingia.

"Haya, Saimone. Jana?"

Mzee wa kanisa huchungulia nje kwanza kama mchungaji hapiti. Kisha hutoka nyuma ya kaunta, huinama, huegemeza mabega kwenye magunia ya unga, na kuonyesha jinsi Kelepi alivyosukuma.

"Chini zaidi!" Mama Luseane humfokea. "Mwanangu huinama chini zaidi!"