Kahawa Iliyofia Stoo

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, saa mbili asubuhi, Jerusa Awino alionja kahawa aliyokuwa ametoka kuitengeneza, akaitema kwenye sinki, akabaki ameshika kikombe kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Ilikuwa na ladha ya majivu yaliyoloweshwa. Alisukutua mdomo kwa maji, akatengeneza nyingine, akaonja tena. Majivu yale yale.

Hakumwambia mtu. Alirudisha mlango wa jikoni, akakaa juu ya kreti ya soda, na wazo lililomjia halikuhusu kahawa hata kidogo. Alijiambia kwamba pua yake imeenda tena.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kumuona daktari tu. Kwa Jerusa lilikuwa jambo la maisha. Baba yake alitoka Nyakach kuja kuchuma chai Kericho, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, katikati ya mashamba. Alipoajiriwa kiwandani kazi yake ilikuwa kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea chai. Siku moja aliyekuwa akionja aliugua, Jerusa akasema kwa sauti ndogo kwamba chai ya kikombe cha tatu imepitishwa moto kupita kiasi. Wakaipeleka kuchunguzwa, ikawa kweli. Tangu hapo hakuosha vikombe tena. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ndefu nyeupe, akivuta chai kwa kijiko na kuitema, na neno lake likasikizwa na wanaume waliosoma kumzidi.

Halafu ikaja korona. Alipona, lakini kwa miezi minne hakunusa hata kitunguu kikiungua mbele yake. Harufu ilirudi polepole, kwanza ya sabuni, kisha ya mvua, mwisho ya chai. Mwaka uliofuata kiwanda kilipunguza watu, naye akapewa barua. Ndipo Kimeli, mwenye hoteli kando ya barabara ya Sotik pale Litein, alipomwita.

Kimeli alikuwa amenunua mashine ya espresso iliyotumika Nairobi, ile inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kwenye kahawa, chuma kizito chenye kung'aa, na watu walimcheka. Nani atakunywa kahawa ya kikombe kidogo hivyo katika nchi ya chai? Yeye akasema, "Nitatafuta mtu mwenye ulimi." Akampata Jerusa, mama wa miaka hamsini na sita ambaye watu walimwita Mama Molly, akampeleka Nakuru wiki mbili kujifunza kwa mkaangaji wa kahawa.

Mwezi wa Januari walipofungua, hoteli ilijaa. Walimu walikuja, watu wa benki walikuja, na kila asubuhi kabla ya kuzungukia ng'ombe wa watu alikuja Nyang'au, daktari wa mifugo, mtu mrefu asiyependa maneno. Alikunywa amesimama, akaweka kikombe chini na kusema, "Hiyo iko sawa, Mama Molly." Kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kufikia Machi Nyang'au alikuwa ameanza kuongeza sukari. Aprili alikuwa akiacha nusu. Mwezi wa Mei Jerusa alienda Nyakach kumuuguza mama yake kwa wiki mbili, na huko hakuonja kahawa hata tone. Aliporudi, ulimi ukiwa umesahau mazoea ya kila siku, ndipo akakutana na majivu.

Alilochagua kufanya lilimtia hofu, lakini alilifanya. Alinunua chai za aina tano dukani, akamwomba Chelangat, mpishi wa chapati, azitengeneze na kuzipanga bila kumwambia ipi ni ipi.

"Kwani umekuwa mgonjwa, Mama Molly?" Chelangat aliuliza.

"Nataka kujua kama mimi bado ni mimi."

Alivuta kijiko cha kwanza. Akasema hii ni ya majani makubwa, imekaa karibu na sabuni dukani. Ya pili ni ya kiwanda cha upande wa juu, kwenye baridi. Ya tatu imechanganywa. Hakukosa hata moja. Chelangat alicheka na kumpongeza, lakini Jerusa hakucheka. Kama ulimi ulikuwa mzima, basi ni nini kilichokuwa kimekufa?

Tangu wateja waanze kuacha vikombe nusu, fundi wa mashine alikuwa ameshaitwa mara mbili. Alifungua, akafunga, akasema haina shida. Walibadilisha maji. Jerusa alikaza mashine ya kusagia ili unga uwe laini zaidi, kwa sababu siku hizi maji yalikuwa yanapita kwenye kahawa haraka kama yanayopita kwenye mchanga. Povu lililotoka lilikuwa jeupe na jembamba, likapotea kabla kikombe hakijafika mezani.

Jumanne Nyang'au aliingia akiwa na chupa ya jamu mkononi. Ndani yake kulikuwa na kahawa.

"Nilikuwa Fort Ternan kwa shemeji yangu Joan," alisema. "Wako na shamba dogo la kahawa, na anajikaangia ya nyumbani. Nikamwambia yako imeharibika. Akanipa hii. Anasema aliikaanga siku kumi na mbili zilizopita."

Neno "imeharibika" lilimchoma, lakini alichukua chupa. Alipofungua kifuniko alirudi nyuma hatua moja. Harufu ilitoka kama kitu chenye mwili, ya sukari iliyoungua na ya tunda fulani ambalo hakulikumbuka jina. Alisaga, akashindilia, akabonyeza. Mashine ilinguruma kama kila siku. Mwanzoni hakuna kilichotoka, kisha kahawa ikaanza kushuka polepole, nzito kama asali, na juu yake povu la rangi ya udongo mwekundu likajikusanya na kukaa. Jerusa aliliangalia lile povu. Lilikataa kuondoka.

Akaonja.

Nyang'au baadaye aliwasimulia watu kwamba Mama Molly alikaa sakafuni. Haikuwa hivyo. Alishika meza tu kwa mikono miwili. Mashine ni ile ile, maji ni yale yale, mikono ni ile ile.

"Iko sawa?" Nyang'au aliuliza.

"Nipe namba ya huyo shemeji yako."

Joan alipokea simu akiwa shambani. Jerusa alijitambulisha, akaeleza, na Joan akamuuliza swali moja tu: "Hiyo yako ilikaangwa lini, mama?"

Jerusa alitembea na simu hadi stoo. Stoo ile alikuwa akiionea fahari. Alikuwa ameipanga kama alivyofundishwa kiwandani: magunia sita yaliyobaki juu ya mbao yasiguse sakafu, madirisha yamezibwa, hakuna unyevu, hakuna panya. Aliinama akasoma karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. "Januari," alisema. "Tarehe tisa."

Joan alihesabu miezi kwa sauti. "Mama, hiyo ilikufa kitambo."

"Lakini ni kavu kabisa. Nimeitunza."

"Si mambo ya ukavu. Kahawa ikishakaangwa inakuwa na hewa ndani, inatoka kidogo kidogo. Hiyo hewa ndiyo inakupa povu, na ndiyo inafanya maji yapite polepole. Ikiisha, mafuta yake yanaanza kuharibika. Ukitumia sufuria hutajua sana, lakini ile mashine yako inakamua kila kitu kwa nguvu, haifichi. Mimi yangu ikipita mwezi nampa jirani."

Jerusa aliketi juu ya gunia. Alikumbuka waziwazi yule mkaangaji wa Nakuru akimwambia, "Chukua ya wiki mbili, mama, ikiisha nitakutumia nyingine." Naye alikuwa amecheka, akamwambia kwamba ameshughulika na vitu vikavu tangu huyo kijana akiwa tumboni, akachukua ya mwaka mzima. Chai ikikaushwa vizuri inangoja mnada, inangoja meli, inangoja dukani mwaka mzima, na bado inakuwa chai. Hilo ndilo alilolijua vizuri kuliko mtu yeyote Litein. Na hilo ndilo lililoua kahawa ya Kimeli. Si fundi, si maji, si pua yake. Ni yeye, kwa ujuzi wake mwenyewe, na kila siku kwa miezi mitano alikuwa amefunga mlango wa stoo akijisifu.

Alimkuta Kimeli akipanga viti na akamwambia yote bila kuzungusha. Kimeli alisikiliza akiwa ameshika kiti hewani.

"Mama Molly," alisema mwishowe, "mimi nimeshaahidi mtu hiyo mashine. Anaitwa Ogoti, ako na duka Bomet. Anakuja kuijaribu Ijumaa."

Jerusa hakujua kwamba mambo yalikuwa yamefika hapo. Aliomba ruhusa ya siku moja, na asubuhi iliyofuata akaenda Fort Ternan.

Joan alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono ya kazi. Alimwonyesha kahawa mbichi, ya kijani na ngumu kama changarawe, akamwonyesha jinsi ya kuikaanga kwenye pipa dogo linalozungushwa kwa mkono juu ya moto: inageuka njano, kisha kahawia, kisha inaanza kulia kama kuni mbichi, na hapo unahesabu pumzi zako na kuitoa. Jerusa alijifunza haraka, kwa sababu moto na pua vilikuwa kazi yake. Alipokuwa akiondoka Joan alimwazima pipa, akampa na kahawa mbichi kilo nne. Alimwambia kitu kingine pia kuhusu kuiacha ipumzike, lakini gari lilikuwa linapiga honi, na Jerusa alisikia nusu.

Ijumaa alfajiri alikaanga nyuma ya hoteli. Aliitoa ikiwa na rangi nzuri, akaipepeta ikapoa. Kama ya Joan ya siku kumi na mbili ilikuwa tamu vile, hii ya alfajiri ya leo itakuwaje? Akilini mwake alimwona Kimeli akionja na kubadilisha nia mbele ya mnunuzi.

Ogoti alifika saa nne na nusu akiwa amevaa koti la suti. Jerusa alimkaribisha, akasaga, akabonyeza. Kahawa ilitoka kwa kurukaruka, ikatema matone kwenye bomba, na kikombe kikajaa povu kama sabuni ya kufulia. Chini ya lile povu kulikuwa na kijiko kimoja cha kahawa. Ogoti alionja, uso ukakunjamana. Ilikuwa chachu kama ndimu. Akaomba nyingine. Ikawa vile vile.

"Bwana Kimeli," alisema kwa upole, akijipangusa mdomo, "pampu ya hii mashine imekufa. Mimi siwezi kuchukua hii."

Akaaga, akaondoka. Kimeli alimtazama Jerusa, Jerusa akaitazama mashine. Alikuwa amepigwa upande huu na sasa amepigwa upande ule. Ya zamani imekufa, na mpya imegoma kuishi.

Alimpigia Joan simu. Joan alicheka hadi akakohoa. "Nilikuambia uiache wiki, mama. Ikiwa mpya sana hewa ni nyingi, inasukumana na maji. Iache ipumue. Usiiguse."

"Wiki nzima?"

"Wiki. Siku nane ni nzuri zaidi."

Kwa siku nane mashine ilikaa kimya na hoteli ikauza chai na chapati. Jerusa alikuwa akifungua kidogo mikebe aliyowekea ile kahawa na kunusa. Siku ya tatu ilinuka moshi. Siku ya tano ile harufu ya ndimu ilikuwa imepungua. Siku ya saba alinusa lile tunda, na safari hii akalikumbuka jina: zambarau zilizokuwa zikiota nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

Jumamosi alimwita Kimeli jikoni. Kahawa ilishuka polepole, nzito, na povu jekundu likakaa. Kimeli alikunywa mara moja, akakitazama kikombe ndani kana kwamba kuna kitu kimefichwa chini. Kisha akaitazama mashine.

"Hii ni ile ile ya Ogoti?"

"Ile ile. Kilo zile zile."

Kimeli alikaa kwenye kreti. "Na mimi nilikuwa nauza," alisema taratibu. "Mama Molly, nilikuwa nauza hii mashine bure."

Yale magunia sita yalichukuliwa na mtu wa Sosiot mwenye kitalu cha miche, akachanganye na mbolea. Jerusa aliyabeba mwenyewe hadi kwenye mkokoteni, moja baada ya jingine, ingawa Kimeli alimwambia aache. Sasa anakaanga kila Jumanne, kidogo kidogo, na kila mkebe anauandika tarehe kwa kalamu nene.

Mwezi wa Septemba mwalimu mmoja wa kike alipita akanusa akaomba auziwe robo ya kahawa iliyokuwa kwenye mkebe wa karibu. Jerusa alisoma tarehe, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya juzi. Siwezi kukuuzia."

"Lakini si ndiyo mpya?" Mwalimu alishangaa waziwazi. "Mimi nalipa, mama, na wewe unakataa?"

"Njoo Alhamisi ya wiki ijayo, mwalimu. Nitakuwekea."

Mwalimu alitoka akitikisa kichwa. Alhamisi alirudi.