Mwalimu Kipenga na Mkwewe

Mama yangu alikuwa mwalimu wa michezo, na shule nzima ilimwita Kipenga. Hata baba alimwita hivyo. Miguu yake haikujua kutulia. Akikaa kitini, kisigino kinacheza.

Mimba yake ya kwanza iliharibika. Maneno yakazagaa kwamba kukimbiakimbia na wanafunzi ndiko kulikomponza. Mama aliposhika mimba yangu, bibi, mama mzazi wa baba, akaja na mizigo yake akamlaza kitandani.

"Usiguse hata ufagio, mwanangu. Safari hii tunamlinda mjukuu wangu."

Mama akalala, akisikia wanafunzi wakipiga kelele za mpira ng'ambo ya ukuta. Usingizi ukamkimbia, na kliniki wakaona sukari imeanza kupanda.

Mkunga, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, akamuuliza, "Kutwa unafanya nini?"

"Nalala."

"Nani kakwambia?"

Mama akamtazama bibi. Bibi akatazama dirisha.

Mkunga alimpima vizuri, kisha akawaambia wote wawili: "Ile ya kwanza haikutoka kwa sababu ya kukimbia. Nyingi hutoka kwa kuwa mtoto hakuumbika sawasawa tangu mwanzo. Huyu yuko salama. Ukitembea, sukari inashuka, na mtoto hanenepi kupita kiasi tumboni. Nenda mwendo ambao bado unaweza kupiga soga. Ukiona damu, au kizunguzungu, simama uje."

Mama akaangua kilio palepale. Lawama ile alikuwa ameibeba peke yake.

Wakaanza kuzunguka uwanja wa shule kila jioni, bibi nyuma na mwavuli wake kama askari. Seremala mwenye karakana kando ya uwanja akawachokoza, "Bi mkubwa, unamfundisha mkweo kwata?"

"Randa mbao zako, wewe!"

Haukupita muda bibi akaanza kuhema. "Tupumzike, mtoto amechoka."

"Mtoto anacheza, mama. Aliyechoka ni wewe."

Wakacheka mpaka wakashikana. Ni kwenye matembezi hayo bibi alimwambia jambo ambalo hata baba hakulijua: naye aliwahi kupoteza mimba, akaambiwa ni kwa sababu alibeba ndoo za maji. "Nami nikakutendea vilevile. Nisamehe, mwanangu."

Sukari ya mama ilitulia. Nilizaliwa na uzito wa kadiri na sauti ya kuamsha wodi. Bibi akawatangazia majirani kwamba mjukuu wake alijua kutembea kabla hajazaliwa. Kusema kweli nilichelewa sana kutembea. Nilipenda kubebwa, na mbebaji alikuwa yeye.

Alikuja kukaa miezi michache, akakaa miaka. Siku hizi hayupo, na uwanja umejaa madarasa. Tukipita pale, mama hunionyesha mahali ambapo bibi alizoea kuinama, akijifanya anafunga kamba za viatu ili apumue. Viatu vyake havikuwa na kamba.