Makao Yasiyo na Kurudi

Udi wa matanga haya unanuka kama duka la yule Muhindi wa mji wetu wa Baraka, aliyekuwa akiuza vitenge karibu na bandari.

Siku moja, nikiwa mtoto, upepo wa ziwa ulikuwa haujatulia tangu juzi, na boti ya baba ilikuwa haijarudi kutoka Ubwari. Mama aliingia nami dukani humo kuomba simu. Mimi nilibaki natazama picha ukutani: mungu wa rangi ya bluu amelala juu ya nyoka mwenye vichwa vingi, na nyoka anaelea kwenye maji meupe kama maziwa.

"Ni kwake kule," Muhindi aliniambia kwa upole. "Makao ya milele. Muntu akifika, harudi tena."

Alitabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Mimi nilitazama tena yale maji meupe. Baba naye alikuwa juu ya maji.

Jioni, baada ya swala, bibi alituketisha kwenye mkeka kama kawaida yake, akaomba dua.

"Ee Mungu, utupe sisi na bantu betu makao ya milele."

Wote wakaitika Amina. Mimi nilibana midomo mpaka taya zikauma.

"We mutoto, itika!" Bibi alinifinya. Sikuitika.

Asubuhi baba alirudi, nguo zimelowa chapa, ananuka samaki. Sikumwambia mtu ni nani aliyemrudisha.

Sasa, hapa matangani, shehe amemaliza kumuombea baba makao ya milele peponi. Sebule nzima imeitika. Mama amegeuka, ananitazama mdomo.