Nusu Kikombe cha Bibi Theodosia

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mjimwema, waliobatizwa na wanaosubiri, kwamba heshima ya mtaa wetu ilimwagika mezani Jumapili baada ya misa ya pili, na aliyeimwaga ni mwenye heshima mwenyewe. Waliozoea kuwaambia binti zao "tembea kama Bibi Theodosia" wanaombwa kufikiri upya.

Maana tulikuwa tumemfanya kipimo. Alitembea taratibu, mguu akiuweka chini kama anayeulaza mtoto. Ngoma ya kioda hakuicheza hata kwenye harusi ya mwanawe. Alikaa kitini, tukasema mwanamke anayejiheshimu hatikisiki. Ndoo ya maji hakuiweka kichwani. Aliikumbatia kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, kama padre na kikombe cha misa. Na chai alimiminiwa na mkwe wake, Devota, siku zote nusu kikombe. Tukasema bibi hana uroho.

Devota aliolewa na Eusebi, mwana wa bibi, akitokea Namtumbo. Binti yao, Noela, ana miaka tisa na huanguka mahali palipo tambarare. Vifungo vya shati la shule vinamshinda, kamba za viatu zinamshinda, na mwandiko wake ni nyayo za kuku aliyefukuzwa. Kichwa hakina neno: muulize hesabu kwa mdomo, atajibu kabla hujafunga wako. Mwalimu wake alimwita mvivu. Mzee Cornel, baba mdogo wa Eusebi na sauti ya ukoo tangu kaka yake afariki, akasema si uvivu, ni kitu kilichokuja na mama yake.

Devota akampeleka mtoto hospitali, Peramiho. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimtazama akidaka mpira, akiruka kwa mguu mmoja, akihangaika na kifungo. Akasema huyu si mvivu wala hajarogwa. Ubongo wake unachelewa kuupanga mwendo, na jambo hili mara nyingi hutembea katika familia. Wala si kinasaba kimoja cha kukamatwa shati. Ni vingi, kila kimoja kinatoa kidogo, kama michango ya harusi: pilau unaiona, lakini nani alinunua mchele huwezi kusema. Kipimo cha damu cha kumtaja mhusika hakipo. Kilichopo ni mazoezi, kila kazi ikikatwa vipande vidogo, na uvumilivu wa wanaomzunguka. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kama kwao kuna mwingine aliyekuwa hivi.

Hapo akatuharibia. Swali hilo kwetu huulizwa siku ya posa, na jibu lake tunalijua kama sala ya kabla ya kula: kwetu hakuna. Hakuna kifafa, hakuna mwizi, hakuna mchawi. Devota akajibu kwao hakuna. Swali lilipofika nyumbani, mzee Cornel naye akajibu huku hakuna, akiwasemea na marehemu wote hadi wale wa vita vya Majimaji. Sasa kama huku hakuna na kule hakuna, mtoto kaokotwa? Mzee akaitisha kikao. Hukumu alikuwa nayo tayari: Noela aachishwe shule, apelekwe kwa wajomba zake Namtumbo, wakamfanyie tambiko wanalolijua wao. Akipona, arudi.

Kikao kilikaa sebuleni, chupa ya chai na sahani ya maandazi katikati. Sisi majirani tulialikwa kama mashahidi, maana yake tulikuja wenyewe. Mzee alisema kwa kirefu. Eusebi alitazama viatu vyake, vile vya kuchomeka mguu visivyo na kamba. Devota alitakiwa aseme ukweli wa kwao, akalia tu. Lakini mtu anayekumiminia chai miaka yote hiyo anaijua mikono yako. Angesema neno moja tu, kesi ingekwisha. Hakusema. Mkwe hamvui mama mkwe nguo mbele za watu.

Ndipo Bibi Theodosia akainuka, akaishika chupa ya chai. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akiishika. Chai ya kwanza ilikwenda kwenye maandazi. Iliyofuata ilikwenda kwenye suruali ya shemeji yake. Kifuniko kikabingirika hadi mlangoni. Kikombe kilibaki kikavu.

"Shemeji," mzee Cornel akasema, akijipangusa, "una nini leo?"

"Leo?" Bibi akaketi. "Kaka yako angekuwa hai angekwambia nilivunja vyungu vingapi. Mtoto huyu ni wangu. Haendi popote."

Baada ya hapo ikawa kama kitubio. Eusebi akaviambia viatu vyake kwamba kamba alijifunza akiwa kidato cha pili, na alipojifunza akaziacha. Devota akafuta machozi, akakiri kwamba kaka yake Yohanes hajawahi kufunga fungu la tumbaku likakaa. Mtu mmoja akathubutu kumuuliza mzee Cornel mbona baiskeli yake huisukuma tu. Akasema ni milima. Lakini miteremko nayo huwa anaisukuma.

Noela akabaki. Asubuhi hukaa kizingitini na bibi yake, kila mmoja na shati lake, kifungo kimoja kimoja, Devota akiwasimamia. Bibi anashindwa.

Nami nimebaki nikiwaza. Jambo ni lile lile. Aliyezeeka nalo tulimpa kiti cha mbele, aliyezaliwa nalo juzi tukataka kumpakia basi la Namtumbo. Sijui mtaani kwetu tuna heshima ngapi ambazo ni woga wa kumwaga, na wavivu wangapi ambao hawajapata mtu wa kuwamiminia.

Nikaenda kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza kwa sauti ya kanisani kwamba mtaa mzima unataka kujua moyoni mwake kulikuwa na nini, alipotoa sadaka heshima ya maisha yake kwa ajili ya mjukuu.

Akakitazama kikombe chake, nusu kama kawaida.

"Nilitaka chai," akasema. "Devota alikuwa analia. Nani angenimiminia?"