Nani Anasuka Mota Handeni?

Kampuni yetu ilianza na mafundi bomba watatu na toroli moja, pale Masuguru, Korogwe. Baadaye tulishirikiana na fundi umeme wa Makuyuni, maana kila tulipomaliza kufunga tangi, mwenye nyumba aliuliza nani atamfungia pampu. Tukafunga pampu. Halafu zikaanza kutujia zilizoungua mota, na hizo hatukuziweza.

Tulizipeleka Handeni, kwenye karakana moja ya kusuka mota, yaani kutoa waya ulioungua na kuzungushia mpya. Mota iliyosukwa pale tulikuwa tunaisahau kabisa, maana haikurudi tena.

Mwenye karakana alishafariki. Mizigo aliipokea mjane wake, kila mara kwa maneno yale yale: "Acha hapo, fundi ataiangalia." Huyo fundi sikuwahi kumtia machoni. Niliposikia mama anataka kuuza karakana, nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nyingine?"

"Leo nimekuja kuzungumza habari ya karakana."

Akanionyesha meza, vifaa na roli za waya wa shaba. Nikamuuliza kama fundi wake atakubali kubaki nasi, kwa sababu bila yeye ningekuwa nanunua meza tu.

"Karakana inauzwa," alisema. "Fundi hauzwi."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Nikapita kwa majirani. Muuza vipuri alisema fundi ni mdogo wa marehemu, anatoka milimani na kurudi. Mama wa mgahawa alisema ni mzee mmoja asiyependa watu. Wote wawili walikuwa na hakika, na hakuna aliyewahi kumwona.

Wiki iliyofuata nilirudi na mota ya pampu ya kisima. Mama alinimiminia chai, na aliponipa kikombe nikaona vidole vyake. Ncha zilikuwa na mikato myembamba, na chini ya kucha kulikuwa na vanishi, ile inayopakwa waya ukishasukwa.

"Mama," nikasema taratibu, "hii itachukua waya wa unene gani?"

Akaitupia jicho mota, akanitajia unene na idadi ya mizunguko. Kisha akatazama vidole vyake.

"Marehemu macho yalimwishia mapema," alisema. "Alinifundisha nikawa nasuka mimi, sifa anapokea yeye. Alipofariki nikawaambia wateja wa kwanza ukweli. Wawili walibeba mota zao siku hiyo hiyo. Ndipo nikamtunga fundi."

"Na sasa unauza kwa nini?"

"Nimechoka kumlea mtu ambaye hayupo."

Nilicheka, na yeye akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikamwambia sitanunua, aingie ubia nasi. Alikubali kwa sharti moja: kibao cha nje kiseme wazi kwamba fundi ni yeye. Hapo nilisita, sitaficha. Niliogopa wateja. Mwenzangu wa Makuyuni alipendekeza tuandike jina la kampuni peke yake. Tulipomfikishia mama wazo hilo, alianza kukusanya vikombe, nasi tukaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Tukaandika alivyotaka.

Wengine walituhama kweli. Lakini mkulima mmoja wa Kwamndolwa, aliyekuja na pampu yake ya kumwagilia, aligoma kuiacha. Akavuta kigoda, akakaa kutwa nzima akimtazama mama anavyosuka. Jioni pampu ikawashwa, ikanguruma vizuri. Mkulima akageuka kwangu, si kwa mama, akauliza, "Kumbe ni yeye siku zote?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Akamuuliza. Walizungumza Kizigua muda mrefu, mama akimwonyesha waya mmoja mmoja.

Siku hizi mafundi wetu wawili wa Korogwe wanajifunza kwake, nami nikipata nafasi huenda kukaa nao. Mwezi uliopita nilijaribu kusuka mota ndogo ya feni. Mama alihesabu mizunguko kwa kidole, akaikata yote, akanirudishia roli ya waya nianze upya.